Neno Moja Tumboni mwa Redio

3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, nami nakiri kwamba nimeifurahia kupita kiasi kwa mtu wa umri wangu. Umeme ulikatika saa tatu na kurudi saa saba. Kifurushi kimeondoka, ingawa dereva alipiga honi mara tatu hata majirani wakachungulia. Nimewaomba radhi.

Namwomba radhi pia yeyote atakayelisoma daftari hili baada yangu, hasa binti yangu, ambaye bila shaka ndiye atakayelikuta kwenye saraka. Nililinunua kwa nia ya kuandika hali ya hewa tu. Lakini haifai kutaja kifurushi bila kukieleza.

Kundi letu la mafundi wa redio kuukuu, ambalo hukutana ndani ya simu na si mahali pengine popote, lina desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Tunayo redio ya mbao isiyo na mwenyewe. Huzunguka kutoka kwa mwanachama mmoja hadi mwingine, na kila anayeipokea hutengeneza jambo moja tu. Kisha huandika mistari yake katika karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa nyuma: alichokikuta, alichokifanya, kama amepima, na jina lake la utani. Tunaiita karatasi ya tumboni. Anayefuata huiamini kama mgonjwa anavyoyaamini maandishi yaliyo kwenye chupa ya dawa.

Mimi nimeandika: “Waya wa umeme ulikuwa umechakaa. Nimeweka mpya. Nimepima. — Samahani.”

Samahani ndilo jina langu huko. Walinipa kwa sababu kila ujumbe wangu huanza hivyo. Sikuona sababu ya kulikataa.

Redio sasa inakwenda kwa Kobe, mwalimu wetu sote, aimalizie.

5 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja mahali palepale pa mwaka jana. Beseni.

9 Machi

Kobe ameandika kwamba redio imefika salama, na kwamba ataifungua mvua ikipungua, kwa maana chumba chake cha kazi nacho kinavuja. “Samahani,” ameniandikia, “umefunga kifurushi kama mtoto mchanga. Nimetumia mkasi dakika ishirini.”

Niliandika ujumbe mrefu wa kumjibu, nikaufuta. Nikaandika: “Nashukuru, Mwalimu.”

Ni miaka mitatu sasa tangu binti yangu aniingize katika Kundi hilo, mwezi wa pili baada ya kumzika mama yake, kwa sababu alichoka kuniona nikiukazia macho ukuta. Swali langu la kwanza lilikuwa kama ni lazima kuitoa redio kwenye umeme kabla ya kuifungua. Watu walicheka sana. Ndipo akaandika mwanamke mmoja aliyestaafu kazi ya mitambo ya simu, ambaye kwa kutokuwa na haraka aliitwa Kobe: “Swali zuri. Katika hao wanaocheka, wawili nawajua wameshapigwa umeme.” Kicheko kikakoma. Tangu siku hiyo sikukaa tena mbele ya ukuta.

14 Machi

Saa nane mchana Fyuzi, msimamizi wa Kundi, ambaye kwa kawaida hawezi kuandika sentensi mbili bila mzaha, ameandika hivi bila mzaha wowote: “Ndugu zangu, Kobe ametutoka. Mwanawe amenipigia simu. Amekutwa jana asubuhi mezani pake pa kazi, redio ya mzunguko ikiwa mbele yake.”

Nimeisoma mara nne. Mara tatu za kwanza nilisoma kifo. Mara ya nne nikasoma mahali.

15 Machi

Sikupima.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilione vizuri. Tarehe tatu, umeme ulipokatika, nilikuwa nimekwisha kuufunga waya mpya. Dereva wa vifurushi angepita kabla ya saa sita. Nikajiambia kwamba nitapima umeme ukirudi, ila niliandike neno “Nimepima” mapema ili wino ukauke. Umeme haukurudi, dereva akaja. Honi ya kwanza, honi ya pili. Nikafunga mfuniko.

Lazima nieleze kwa nini jambo dogo hivi ni kubwa. Redio za aina hii zina chasi, yaani kiunzi cha ndani cha chuma, iliyoungwa moja kwa moja na mmoja kati ya nyaya mbili za umeme. Ukiungwa waya baridi, yaani usiobeba umeme, hakuna neno. Ukiungwa waya wa moto, chuma chote kinakuwa na umeme, na redio bado huimba vizuri, haitoi dalili yoyote, mpaka mtu atie mkono. Kuzibadili nyaya hizo mbili ni kosa la sekunde moja. Kuligundua ni kazi ya sekunde mbili: unagusa chasi kwa testa, na kitaa chake kikiwaka unajua. “Testa kwanza, mkono baadaye,” Kobe alituandikia mara zisizohesabika.

Lakini karatasi ya tumboni ilisema nimepima. Na Kobe alituamini.

Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na minane. Wamisionari walionisomesha walitufundisha kwamba sahihi ya mtu ni mwili wake. Sikuwahi kutia sahihi ukurasa nisiousoma, hata mitambo ilipokuwa ikinisubiri na msimamizi akisaga meno. Nimekuja kufanya hivyo uzeeni, kwa ajili ya honi.

17 Machi

Mvua kutwa.

18 Machi

Mvua. Wanakundi wanatuma picha za meza zao za kazi, kila mmoja ameweka testa katikati kwa heshima ya Kobe. Sikutuma.

20 Machi

Leo ilinilazimu kuutoa mkono wangu kwenye swichi ya jikoni mara mbili kabla ya kuiwasha. Binti yangu aliniona.

24 Machi

Fyuzi ameniandikia faraghani. Kundi zima limekubaliana kwamba taazia ya Kobe niandike mimi, “kwa sababu wewe ndiye pekee kati yetu unayejua mkato uwekwe wapi.” Nimejibu kwamba naomba siku chache. Amesema nichukue hata wiki, ila nisianze na samahani.

Nimeandika “Marehemu mwalimu wetu” mara sita. Baada ya maneno hayo matatu, la nne linalokuja ni lile nililoliandika tumboni mwa redio.

27 Machi

Binti yangu ni mshonaji, na cherehani yake iko chumba cha mbele, kwa hiyo tumezoea kuzungumza kwa kupokezana na mshono. Leo aliisimamisha kabisa.

“Baba, unakula kama ndege. Nikuulize?”

“Uliza.”

“Huyo mama wa redio. Ulikuwa unampenda?”

Nilimwambia kwamba sikuwahi hata kuuona uso wake.

“Sijakuuliza uso.”

“Nilimheshimu mno,” nikasema.

“Haya, uliheshimu. Basi omboleza kama watu wengine. Lia, utukane mvua, ufanye chochote. Hii ya kutembea umeinamisha kichwa kama umeiba kuku siielewi.”

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama tulivyosimama mbele ya mwalimu mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, pini mbili zikiwa mdomoni. Kisha akazitoa.

“Kwa hiyo hujui.”

“Sijui nini?”

“Hujui kama waya ulikosea. Hujui kama uliomuua ni umeme. Umejihukumu, umejifunga, ufunguo umeumeza, na hata shahidi hujaita!” Akanisogezea simu. “Ana mtoto, si ndiyo? Mpigie.”

“Nitamwambia nini, mwanangu? Kwamba huenda nimemuua mama yake?”

“Utaanza na samahani,” akasema. “Hapo ndipo unapoweza.”

28 Machi

Nimepiga simu saa nne asubuhi, baada ya kunyoa ndevu na kuvaa koti, ingawa najua hakuna aliyeniona.

Mwanawe Kobe ni kinyozi. Nilisikia mashine ikizimwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Samahani sana kwa kukusumbua katika kipindi hiki cha...”

“Wewe ndiye Samahani!” akanikatiza. “Nimekujua kwa salamu tu. Mama alikuwa akitusomea jumbe zako kwa sauti, anacheka mpaka anavua miwani.”

Nilimpa pole. Kisha nikamwomba ruhusa ya kuuliza jambo zito. “Mama alipokutwa, mfuniko wa redio ulikuwa wazi?”

“Mfuniko? Ulikuwa umefungwa, skrubu zote nne. Yenyewe ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Nilidhani anasikiliza. Nikamwambia, mama, chai inapoa.”

Nilimsikia akiiweka mashine chini.

“Na daktari alisemaje?”

“Moyo, mzee. Ulikuwa unamsumbua mwaka wa pili huu. Yeye alijua, sisi tulijua. Alitukataza tusiwaambie. Eti mtaacha kupima redio, muanze kumpima yeye.”

Aliita, “Mzee? Mzee, upo?” Nikajibu kwamba nipo, kwamba namshukuru, kwamba Mungu ambariki yeye na mteja wake ambaye bila shaka alikuwa amekaa na kichwa nusu. Alicheka. Mteja naye nikamsikia akicheka.

Baada ya hapo niliketi juu ya kapu la vitambaa vya binti yangu, na pini kadhaa zikanithibitishia kwamba bado ni mzima. Binti yangu alinitazama usoni, akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mrefu ulionyooka kabisa.

29 Machi

Nimelala saa tisa mfululizo. Nimekula mayai mawili, nikaomba la tatu. Mvua imeacha kwa muda, na jua limeingia mpaka chini ya meza, nikaona bisibisi niliyoitafuta tangu Januari. Kobe amefariki, na leo ndipo nimemlilia kama mtu anayelia mtu, bila kujiangalia mwenyewe. Nilidhani machozi hayo yangekuwa mazito zaidi. Yalikuwa mepesi. Naomba radhi, lakini yalikuwa mepesi.

6 Aprili

Mambo mawili.

La kwanza, Fyuzi anataka picha ya karatasi ya tumboni ili aiweke mbele kabisa katika ukurasa wa Kundi, kila mwanachama na mistari yake, wa mwisho akiwa Kobe. “Iwe kumbukumbu yetu,” anasema. Mwanawe Kobe atakuja mjini kwetu kwa ajili ya harusi ya rafiki, ataniletea redio, nami nitaifungua na kuipiga picha.

La pili ni aibu, lakini daftari hili limekwisha kuzoea. Tangu tarehe ishirini na nane nimeanza kujiambia kwamba pengine waya niliufunga sawasawa. Na kama niliufunga sawasawa, basi neno “Nimepima” halikumdhuru mtu, na kama halikumdhuru mtu, nani ana haja ya kulijua? Nastaajabu jinsi nilivyojisamehe upesi. Wiki mbili nilikuwa muuaji. Sasa natafuta namna ya kuwa fundi hodari.

12 Aprili

Mwanawe Kobe amekuja. Ni mrefu, na ana mikono ya mamaye, nadhani, ingawa nilisema sikuwahi kumwona. Kobe alikuwa akitutumia picha za mikono yake tu, ikionyesha pa kushika. Redio alikuwa ameifunga kwa shuka jeupe la kinyozi, lenye vinywele bado.

“Niwie radhi, mzee, ndilo lililokuwa safi.”

“Hili ndilo safi?” binti yangu akauliza, akilikung’utia nje.

“Dada, ungeona mengine.”

Alikunywa chai, akakataa ya pili, akakubali ya tatu. Nilimwuliza kama amefungua mfuniko. Alisema la. “Mama alikuwa mkali kwa hilo. Anayefungua sharti aandike. Mimi ningeandika nini? Nimekuta redio, nimeinyoa?”

Mlangoni aliniambia jambo jingine. Siku ya mwisho jioni, mamaye alifunga skrubu ya nne, akacheka peke yake. Alipomwuliza anacheka nini, alisema: “Namcheka mzee mmoja muungwana.”

13 Aprili

Niliweka redio mezani asubuhi, bisibisi mkononi. Kisha nikaiweka chini bisibisi. Niliona wazi kwamba nikifungua kwanza na kukuta waya uko sawa, sitasema kamwe. Najijua.

Kwa hiyo niliandika kwanza, kwa Kundi zima, nikiwa bado sijui kilichomo. Niliandika kwamba mistari yangu katika karatasi ya tumboni si ya kweli, kwamba sikupima, kwamba nilipewa nafasi ya kumwonya Kobe tarehe tisa Machi, nami nikamwandikia “Nashukuru, Mwalimu” badala yake, na kwamba wakiona sistahili kuandika taazia yake, nitaelewa. Niliusoma ujumbe huo mara moja kama msahihishaji, sikukuta kosa, nikautuma.

Saa nzima hakuna aliyejibu. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wa kwanza alikuwa mwenzetu tumwitaye Transfoma, mwanamume wa maneno machache. “Mzee, heshima yako iko palepale,” aliandika, “lakini ungeua mtu.”

Nilimjibu kwamba ni kweli. Sikuongeza kitu. Na nitasema jambo la ajabu: maneno yake yalinituliza kuliko pole zote nilizopewa mwezi huu, kwa kuwa hatimaye mtu mwingine alikuwa ameushika upande wa pili wa mzigo.

Kisha Fyuzi: “Mzee Samahani, tangu nikujue, leo ndiyo mara ya kwanza samahani yako ina kazi ya kufanya.” Na baada ya dakika tano: “Haya, nami niseme. Mistari yangu, ile ya tatu. Nilipima upande mmoja tu. Nilikuwa nawahi mpira.”

“Unawahi mpira!” akaandika Transfoma. “Nilijua. Nilijua tangu siku ile.”

Wakaanza kugombana kuhusu mpira huo, nani alifunga, dakika ya ngapi, na mimi nikasahauliwa kabisa. Sijawahi kusahauliwa kwa utamu namna ile.

Ndipo nikafungua. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Karatasi ilikuwapo, na chini ya mistari yangu, kwa wino wa buluu na mwandiko wa mtu asiye na haraka:

“12 Machi. Nilitumia testa kwanza. Waya mpya umefungwa vizuri lakini kinyume. Chasi ilikuwa na moto. Nimegeuza. Nimepima mara mbili: mara moja kwa niaba yangu, mara moja kwa niaba ya Samahani. — Kobe.”

Nilimwita binti yangu aje asome, kwa sababu miwani yangu ilikuwa imeingia ukungu. Alisoma kwa sauti. Alipofika mwisho alishika mdomo.

“Alikujua, Baba.”

“Alinijua.”

“Na akacheka.”

“Na akacheka,” nikasema, na hapo nami nikacheka, mpaka nikalazimika kushika kingo za meza. Nimesahihisha maneno ya watu miaka thelathini na minane, kwa wino mwekundu, na wengi niliwaumiza. Sikujua kwamba mtu anaweza kusahihishwa hivi.

Picha nimeituma. Karatasi nzima, bila kuficha mistari yoyote.

15 Aprili

Taazia imekwenda. Ukurasa mmoja. Fyuzi alitaka mitatu. Transfoma ameandika: “Inatosha.” Kutoka kwake, hiyo ni hotuba.

2 Mei

Mvua kidogo. Fundi wa paa amekuja, ameangalia, amesema atarudi. Beseni.

19 Mei

Mawingu yanaondoka, nadhani mvua hizi ndizo za mwisho.

Kundi limeamua redio iendelee kuzunguka, na kwamba mimi nibadilishe kitambaa cha spika, kilichooza, kisha niipeleke kwa mwanachama mpya aliyeuliza wiki iliyopita kama ni lazima kuitoa redio kwenye umeme kabla ya kuifungua. Nilimjibu mimi, kabla hawajaanza kucheka.

Kitambaa amenichagulia binti yangu, cha rangi ya kahawia, akakata mwenyewe. Nilimaliza saa nne. Saa nne na robo umeme ukakatika.

Dereva wa vifurushi alikuja saa tano na nusu. Ni yuleyule. Alipiga honi mara tatu. Nikatoka na mwavuli, nikamwendea mpaka dirishani.

“Mzee, lete basi! Nina mitaa saba mbele yangu.”

“Samahani,” nikamwambia. “Leo sina mzigo.”

“Si uliniita mwenyewe?”

“Nilikuita. Niwie radhi sana. Nenda tu, utapita tena Alhamisi.”

Alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaondoka. Maji ya dimbwi yakanirukia suruali, nami nikayastahili.

Sasa ni saa kumi jioni. Umeme bado. Testa iko mezani, na karatasi iko mbele yangu. Nimeandika nilichokikuta na nilichokifanya. Baada ya hapo kuna nafasi ya neno moja, na kalamu nimeifunika. Binti yangu anashona kwa kukanyaga, taratibu. Sina haraka yoyote.